Twiga wa Nahodha

Twiga alikuwa amelazwa chali juu ya meza ya Inspekta Mejumaa, tumbo limepasuliwa, pamba nyeupe imemwagika hadi kwenye kikombe cha chai. Alikuwa twiga wa kitambaa, mwanasesere mkubwa mwenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, macho ya vifungo vyeusi na kope za uzi. Jana yake, tumboni mwake polisi walitoa vinyonga hai wa milima ya Usambara, kila mmoja amefungiwa ndani ya soksi ya michezo. Vinyonga wenyewe walikwisha kukabidhiwa maafisa wa wanyamapori. Zilizobaki mezani ni soksi tupu na yule twiga, na aliyebaki kwenye seli, chini ya ofisi hiyo hiyo, ni msichana aliyekamatwa akiwa amempakata.

Msichana huyo aliitwa Sheryl. Alikuwa nahodha wa Mabinti wa Tudor, timu ya voliboli iliyotwaa ubingwa wa Pwani mwaka huo kwa mara ya kwanza, naye mwenyewe alikwisha kuitwa kwenye mazoezi ya timu ya taifa. Wafadhili wa timu waliwatuza wachezaji kwa safari ya basi kuvuka mpaka hadi Tanzania, kwenye Mji wa Wanyama, bustani ya burudani iliyo nje kidogo ya Tanga. Walikwenda Jumamosi, wakalala huko, na Jumapili jioni walikuwa Likoni wakisubiri feri ya kuwavusha kuingia kisiwani Mombasa. Hapo ndipo basi lilipozuiwa. Polisi wa Tanga walikuwa wamemkamata mtega vinyonga mmoja, naye akasema mzigo wake aliuacha nyuma ya vyoo vya bustani kama alivyoelekezwa kwa simu, na kwamba ungepanda basi la wachezaji wa Mombasa. Nani aliyeuchukua, hakumwona. Askari wakaanza kufungua mabegi moja moja, hadi mmoja wao alipoona tumbo la twiga likitikisika. Upekuzi ukakoma papo hapo. Hakuna aliyeona haja ya kuendelea na mabegi mengine.

Bwana Zakariya, mkuu wa upelelezi, alikuwa amepita ofisini asubuhi hiyo akiwa na funguo za gari mkononi. Alitaka msichana afikishwe mahakamani kesho yake.

"Mzigo umekutwa mapajani mwake," alisema. "Unataka ushahidi gani zaidi ya huo?"

Mejumaa alimwomba kutwa hiyo moja tu. Hakubembeleza. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo, tangu alipovuka kutoka Kwale akiwa konstebo, hajapata kupeleka mahakamani jalada analolionea haya, na Bwana Zakariya alilijua hilo. Akamwachia siku, akaenda zake.

Koplo Griffins, msaidizi wake, alizipanga soksi kwenye ukingo wa meza. Zote zilikuwa za buluu zenye mistari ya dhahabu.

"Rangi za timu, Afande," alisema. "Soksi za timu, nahodha wa timu. Hapa kuna la kutafuta tena?"

Mejumaa alichukua soksi moja akainusa, kisha akamsogezea Griffins.

"Wewe si umecheza mpira? Soksi iliyochezewa inanuka hivi?"

Griffins aliinusa kwa shingo upande. Ilinuka majani mabichi na harufu ya kitu kipya cha dukani. Mejumaa akaigeuza ndani nje. Unyayo wake ulikuwa safi, na katikati ulionekana mkunjo ulionyooka, ule unaoachwa na kadibodi ya kufungia. Soksi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Soksi zote zile hazijavaliwa na mtu hata siku moja.

Baadaye alimpindua twiga. Chini ya mguu wa nyuma, mahali pa mshono, kidole chake kiligusa kitu kigumu: ncha ya utepe mweupe, imekatwa kwa mkasi. Hapo palikuwa na lebo. Alikitazama kile kipande kwa muda, akamwambia Griffins akipige picha, na akamwonya asimwambie mtu yeyote habari ya lebo hiyo, awe askari au mwandishi wa habari. Kisha akashuka seli.

*

Sheryl aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mrefu hata akawa anainama mlangoni, lakini alipokaa alinyoosha mgongo kama anayesubiri wimbo wa taifa. Macho yalikuwa mekundu. Sauti haikutetemeka.

Mejumaa hakumuuliza habari za vinyonga. Alimwomba amsimulie safari tangu mwanzo, kama angemsimulia mtu aliyebaki nyumbani.

Mwanzoni msichana alisita, halafu maneno yakaanza kumtoka. Alieleza jinsi lango la Mji wa Wanyama lilivyojengwa kwa umbo la kiboko aliyeachama, ukiingia unapita baina ya meno. Ndani kulikuwa na chatu wa saruji, mrefu kupita nyumba, ambaye unapanda ngazi hadi kichwani ukateleza tumboni mwake na kutokea mkiani, ukatumbukia majini. Kulikuwa na treni ya jongoo, na vigari vya kobe vya kugongana, na Kache, rafiki yake wa timu, alipiga kelele kwenye chatu hata wenyeji wakaja kumtazama. Kote walikopita watu waliwauliza nyinyi ni nani, warefu hivi, na wao wakajibu kwa pamoja kwamba ni mabingwa wa Pwani ya Kenya.

"Na twiga?" Mejumaa aliuliza.

Sheryl alisema kulikuwa na banda la kutungua makopo kwa mipira. Mwenye banda aliwacheka wasichana, akasema makopo yake yamewashinda wanaume. Sheryl akarusha mara ya kwanza, mnara wote ukalala. Akapanga upya, ukalala tena. Alipouangusha kwa mara ya tatu watu walikuwa wamejaa hadi kwenye treni ya jongoo, na mwenye banda akamshusha twiga mkubwa kuliko wote kutoka kwenye kamba.

"Wameandika kwenye gazeti kwamba nilimnunua ili nifiche vitu," alisema. "Sikumnunua. Nilimshinda kwa mkono huu."

"Alikuwa na lebo?"

"Wale wa kamba hawana lebo. Alikuwa na utepe wa njano shingoni, tena ulimwachia rangi. Yule mtu hakutaka kuufungua, nikaukata mwenyewe kwa meno."

Mejumaa aliuliza kama kuna wakati twiga alikuwa mbali naye. Mmoja tu, alisema Sheryl. Jumapili walisimama mjini Tanga kula chakula cha mchana kabla ya kushika njia ya mpakani, na kwa sababu ya joto alimwacha kwenye kiti chake ndani ya basi. Tom, dereva, alisema atabaki na gari.

Simu ya Sheryl ililetwa kutoka stoo ya ushahidi, akaifungua mwenyewe mbele ya Griffins. Mejumaa alipitia picha za safari polepole, moja baada ya nyingine. Katika picha ya bandani, Sheryl amebebwa juu kwa juu na wenzake, na kocha wao, Dishon, ameushika mkono wake akiuinua kama wa mwanamasumbwi. Shingo ya twiga ilikuwa imemwangukia begani, legelege, kama ya mtoto aliyelala. Katika picha zote za Jumamosi shingo hiyo haikusimama hata mara moja. Kisha ikaja picha iliyopigwa na Kache ndani ya basi wakiwa wameshatoka Tanga. Wasichana wanaimba, na nyuma yao, dirishani, twiga amekaa shingo wima kama mlingoti.

Mejumaa aliziweka picha mbili kando kwa kando, akamsogezea Griffins.

Griffins alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwa ya kwanza.

"Hawa ni wawili," alisema.

"Ni wawili. Huyu wa banda ni wa Sheryl. Yule aliye mezani kwangu alinunuliwa dukani akiwa na lebo yake, akajazwa vinyonga, akabadilishwa na huyu. Mtu alitaka mzigo wake uvuke mpaka mikononi mwa nahodha aliyebeba kombe, kisha autwae kisiwani wakati wa kushusha mabegi, amrudishie msichana twiga wake bila yeye kujua lolote."

"Basi huyo wa kwanza..."

"Alirudi na timu, ndani ya basi hilo hilo. Ilimbidi arudi nao. Tukimpata twiga, tumempata mtu."

Sheryl alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na Mejumaa alimwacha alie.

*

Basi walilikuta Majengo, kwenye uwanja ambapo magari huoshwa, na Tom dereva amekunja suruali hadi magotini akisugua magurudumu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoulizwa habari za chakula cha mchana cha Tanga alianza kujibu kwa mkato. Alisema hakutoka ndani ya basi. Alisema alilala kwenye usukani. Griffins alimwambia kwamba mchezaji mmoja, katika maelezo yake kwa polisi, alisema alirudi kuchukua mtandio na hakumwona kwenye usukani. Tom akasema labda alikuwa amelala kiti cha nyuma. Mikono yake ilikuwa ikikamua kitambaa kilichokwisha kukauka.

Griffins alikuwa tayari kutoa pingu. Alimvuta Mejumaa kando na kumweleza kwamba mtu huyu ana funguo za basi, ana nafasi za kuficha kitu chini ya gari, na anadanganya waziwazi. Mejumaa alikubali kwamba anadanganya. Alichotaka kujua ni anadanganya kuhusu nini.

Aliingia ndani ya basi akapita baina ya viti hadi nyuma. Chini ya kiti cha mwisho palikuwa na mpira wa voliboli. Akautoa, akashuka nao.

"Huu umeachwa?"

Tom aliutazama mpira, na kwa kuwa swali hilo halikuwa la kutisha alilijibu vizuri. Alisema mipira ilimsumbua safari nzima ya kurudi. Walipokwenda ilikuwa imetiwa kwenye mfuko wake wa turubai, tulivu kabisa. Lakini kutoka Tanga ilikuwa huru, inabingirika huku na huko, mmoja ukamfikia hata kwenye breki akalazimika kusimama kuutoa.

"Na mfuko ulikuwa wapi?"

"Mfuko ulikuwapo, nyuma, umejaa. Nilidhani wametia nguo chafu."

Mejumaa aliuzungusha mpira mikononi. Mfuko wa turubai wa kubebea mipira ya timu nzima unamtosha twiga akikunjwa shingo.

"Tom," alisema kwa upole, "sasa niambie ulikuwa wapi. La sivyo huyu koplo atakuchukua, na mimi sitamzuia."

Dereva aliketi kwenye ngazi ya basi. Alisema ana mtoto Tanga, binti wa miaka minne, na mkewe wa Mombasa hajui. Alikuwa amekwenda kumwona. Alitoa simu akaonyesha picha: yeye na mtoto mwenye mashavu, wanakula aiskrimu mbele ya duka, na saa ya picha ikaafikiana na saa ya chakula. Alisema hakuliacha basi bila mtu. Alimwachia funguo mtu mzima, tena aliyeziomba mwenyewe, akisema kichwa kinamuuma na angependa kujinyoosha kidogo kitini.

"Mtu gani?"

"Kocha."

*

Nekesa, mamake Sheryl, alikuwa akikaanga mihogo ufukweni Mama Ngina kama siku zote. Alikuja Mombasa kutoka bara akiwa bado hajazaa, akamlea binti yake Majengo kwa kazi ya karai hilo, na mchana huo, huku watu wakimnong'ona kuanzia kwenye madafu hadi kwenye achari, alikuwa amevaa fulana ya timu yenye jina la mwanawe mgongoni. Kache alikuwa kando yake akikatakata ndimu.

Mejumaa alimsalimu, akamuuliza kama asingependa kukaa nyumbani hadi mambo yatulie.

"Nikikaa ndani watasema nimejificha," Nekesa alijibu, huku akigeuza mihogo. "Mwanangu hakuiba, mimi sijifichi. Atakayekula ale, atakayenong'ona anong'one. Karibu mhogo, Inspekta."

Mejumaa alipokea mhogo. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Kache, na swali lake lilikuwa moja: soksi. Kache alicheka kicheko kisicho na furaha, akainua mguu kumwonyesha. Soksi yake ya buluu ilikuwa imeshonwa kisigino kwa uzi mweusi. Alieleza kwamba wafadhili waliahidi jozi mbili kwa kila mchezaji, lakini walipewa moja tu. Kocha alisema jozi za pili hazikuletwa. Fainali yenyewe walicheza na soksi zenye viraka.

"Vifaa vya timu hukaa wapi?"

"Stoo. Mji wa Kale, nyumbani kwa Mzee Jaffar. Zamani sote tulikuwa tukiingia. Sasa katika timu ufunguo anao Kocha peke yake."

Aliposema hivyo kisu chake kilisimama hewani. Nekesa naye akaacha kugeuza mihogo. Mejumaa aliwaomba wote wawili wasimpigie simu mtu yeyote, akawashukuru, akaondoka na mhogo wake mkononi.

*

Hakimu alitia saini kibali cha upekuzi bila kuuliza mengi, na kabla ya alasiri kwisha Mejumaa na Griffins walikuwa wakitembea kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako gari lao lisingepita. Mzee Jaffar walimkuta barazani kwake, amevaa kikoi na shati jeupe lililopigwa pasi. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali, na za watu wa nyumbani, kabla ya mzee kuuliza haja yao.

Aliposikia ni habari ya stoo alijiinua mara moja. Chumba hicho cha chini aliwapa wasichana bila kodi, alisema, kwa sababu mjukuu wake wa kike huwashangilia na kwa sababu kombe lao limeletwa mtaani na kila mtu akalishika. Aliwaongoza hadi mlangoni.

"Yule kocha yuwaja hapa kila mara," alisema. "Jana baada ya isha alikuja na mfuko wake mkubwa. Nami sikumuuliza neno. Leo asubuhi naona kufuli mpya. Ile ya kale ufunguo wake n'nao mimi. Hii hakunipa."

Mejumaa aliitazama kufuli. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Angeweza kuikata hapo hapo, na kibali kilimruhusu. Badala yake alimpigia Dishon simu, akamwomba aje aifungue mwenyewe.

Dishon alikuja kwa miguu, haraka, shati limemshika mgongoni. Mchana alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, jioni kocha, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alimpa Mzee Jaffar mkono, akampa Inspekta mkono, na kabla hajaulizwa alisema jinsi jambo hili linavyomuuma. Sheryl alikuwa kama bintiye. Amemfundisha tangu hajui kupiga sevu. Hakuamini kwamba msichana yule angeweza kuiaibisha timu nzima hivyo.

"Unaamini ni yeye, basi," Mejumaa alisema.

"Nitaaminije vingine? Alikutwa naye. Mimi niliwaonya kule bustanini, vitu vya dukani msinunue, haijulikani vimetiwa nini ndani. Hakusikia."

"Vitu vya dukani?"

"Huyo twiga."

Mejumaa alitoa simu yake akamwonyesha picha ya bandani. Sheryl juu ya mabega ya wenzake, twiga begani, na Dishon mwenyewe ameuinua mkono wake.

"Huyu ni nani?"

Dishon aliitazama picha.

"Ulikuwapo alipomshinda," Mejumaa alisema. "Ulimwinua mkono. Gazeti limeandika kwamba alimnunua, lakini wewe ulijua kwamba twiga wa Sheryl alitoka bandani. Twiga aliyepasuliwa Likoni ndiye aliyetoka dukani. Lebo yake ilikatwa. Jambo hilo tunalijua mimi, koplo huyu na Sheryl aliye seli, na yule aliyeikata. Wewe umelijuaje?"

Mzee Jaffar alishusha macho. Griffins alisogea hatua moja akasimama kwenye njia ya kutokea kichochoroni.

"Nimeteleza ulimi," Dishon alisema.

"Fungua mlango, Kocha."

"Watu wengi huingia humu. Wachezaji wote..."

"Kufuli ni ya leo. Fungua."

Ilimchukua muda kuupata ufunguo kwenye mfuko wa suruali. Mlango ulipofunguka mwanga uliingia hadi ukutani, ukamulika wavu uliokunjwa, koni za mazoezi, na katoni iliyoraruliwa juu. Griffins aliinama akaingiza mkono ndani ya katoni, akatoa soksi za buluu zenye mistari ya dhahabu, bado zimeshikana na kadibodi zake. Katika kona, nyuma ya wavu, kulikuwa na mfuko wa turubai. Mejumaa alivaa glavu, akaulegeza uzi wa mdomoni. Kichwa cha twiga kikatokeza, kikaanguka upande. Shingo yake haikuwa na nguvu ya kukibeba. Kuzunguka shingo hiyo kulikuwa na alama hafifu ya njano, mahali rangi ya utepe ilipoingia kwenye kitambaa.

Griffins alipiga picha, akaandika lebo ya ushahidi, akamwomba Mzee Jaffar aweke saini kama shahidi, na mzee akaweka kwa mkono ulionyooka.

Ilikuwa ni wakati huo Dishon alipoketi juu ya katoni ya soksi na kuanza kusema, bila kuulizwa. Alisema kuna mtu aliyemwahidi kumpeleka ng'ambo kufundisha, timu ya wachezaji wa kulipwa, ukumbi wenye paa na taa. Alisema amefundisha voliboli kwenye viwanja vya vumbi ujana wake wote, na hakuna aliyepata kumtazama mara mbili. Mzigo ulikuwa wa safari moja tu. Alimchagua Sheryl kwa sababu pale mpakani, wakati wa kwenda, watu walitaka kupiga naye picha, na mtu anayepigwa picha hapekuliwi. Hakukusudia aumie. Twiga wake angemrudishia.

"Nilitaka timu," alisema. "Timu ya kweli."

"Timu ulikuwa nayo," Mejumaa alimwambia.

*

Bwana Zakariya aliwatazama twiga wawili waliolazwa sambamba juu ya meza, mmoja shingo wima, mwingine shingo chini. Alisoma maelezo ya Jaffar na ya Tom na ya Kache. Alipomaliza alivua miwani.

"Ningempeleka msichana yule mahakamani kesho asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Bwana."

"Na jina langu lingekuwa chini yake." Alitia saini karatasi ya kumwachilia Sheryl, akaongeza kwamba huko nje kumejaa watu na waandishi, kwa hivyo ingekuwa vyema kumtoa kwa mlango wa nyuma, kimyakimya.

Mejumaa alisimama palepale.

"Bwana, aliingizwa kwa mlango wa mbele, mikono imefungwa, watu wakitazama. Naomba atoke kwa huo huo."

Mkuu alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Alisimama akavaa kofia yake. Alisema kama ni hivyo basi atamsindikiza yeye mwenyewe.

Sheryl alirudishiwa simu, mshipi na viatu vyake. Alipomwona twiga wa shingo legelege alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Mejumaa alimweleza kwamba kwa sasa ni ushahidi, hadi kesi imalizike. Alimweleza pia kwamba barua ya kumsafisha jina itafika kwa wateuzi wa timu ya taifa kabla ya mazoezi kuanza Jumamosi, na kwamba ataiandika kwa mkono wake.

"Mtunzeni," Sheryl alisema, akimtazama twiga. "Ni wa haki."

Walipofungua mlango wa mbele jua lilikuwa bado halijazama. Mabinti wa Tudor walikuwa wamejipanga mstari mmoja kwenye ngazi, kama wanavyojipanga kabla ya mechi, na mwanzoni mwa mstari alisimama Nekesa na fulana yake. Bwana Zakariya aliwaambia waandishi kwa sauti ya kusikika kwamba Sheryl hana kosa lolote, na kwamba polisi wanamwomba radhi yeye na mamake. Nekesa hakumkimbilia mwanawe. Alingoja amfikie, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaikunjua kola ya shati lake iliyokuwa imekunjamana.

"Simama wima," alimwambia. "Wanakupiga picha."

Sheryl akasimama wima. Halafu wasichana wakaanza kuimba wimbo wao wa ubingwa, makofi yakaingia, na wapita njia, hata wale wa madafu waliokuwa wakinong'ona mchana, wakaupokea.

Mejumaa hakukaa kusikiliza hadi mwisho. Alipanda ngazi kurudi juu, akaingia kwenye chumba cha mahojiano. Dishon alikuwa ameketi na glasi ya maji asiyoinywa, na nyimbo zilikuwa zikiingia kwa nguvu kutoka barabarani. Kila neno lilisikika. Kila neno la wimbo huo alikuwa amewafundisha yeye.

"Naomba mfunge dirisha," alisema.

Griffins alinyanyuka. Mejumaa alimwashiria akae.

"Liache wazi," alisema, akavuta kiti, akaketi mbele ya kocha. "Haya, Dishon. Huyo mtu aliyekuahidi ng'ambo, anaitwa nani?"